Ng'ombe wa Udongo Walio Juu ya Kabati

Mwalimu Editha, aliyeachiwa darasa langu la awali hapa Bariadi, alinipigia simu siku chache tu baada ya mimi kustaafu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akafika kwenye shida yake. Alikuwa anafanya usafi, na juu ya kabati amekuta ng'ombe wa udongo, wengine hawana pembe, wengine miguu mitatu. Akauliza kama awatupe.

Nilimwambia asiguse kitu mpaka nimwandikie. Nadhani alifikiri ni uzee umenianza mapema. Lakini nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote ya kazi, na kama kuna jambo moja ninalojivunia bila kuona haya, ni hao ng'ombe. Kwa hiyo ninaandika, kwa Editha na kwenu wengine mnaoanza. Vyeo sitavigusa. Atakayetaka habari za vyeo awaulize waliovipata.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Mwamapalala, katikati ya mashamba ya pamba na malisho. Nilifika na sanduku la bati, godoro, na pakiti ya kadi nilizopewa kwenye semina ya walimu wa awali mjini. Kila kadi ilikuwa na uso wa mviringo: mmoja unacheka, mmoja una chozi, mmoja mwekundu umekunja ndita. Mwezeshaji alituambia kwamba mtoto akijua kutambua hisia zake na za mwenzake, hatapiga hovyo, hatajificha, na hata kusoma kutamwia rahisi. Hilo nililiamini siku ile na ninaliamini leo. Tatizo lilikuwa kadi.

Asubuhi ya kwanza niliinua uso wenye chozi nikauliza, "Huyu ana nini?" Darasa zima likajibu kwamba amekaa kwenye moshi. Nikainua ule mwekundu. Mmoja akasema ana homa, mwingine akasema amepakwa rangi kama kibao cha duka. Nikaja kwa ule unaocheka na meno yote nje, nikijua hapo nimefika salama. Wakasema huyo ameangaliana na jua. Nilirudisha kadi kwenye pakiti yake taratibu, na mpaka leo sijui pakiti ile iliishia wapi.

Basi nikaona niwaulize wenyewe. Niliuliza kila mtoto, "Unajisikiaje leo?" Kila mtoto akainamisha macho chini, kama alivyofundishwa kwao mbele ya mkubwa, akajibu, "Mhola." Nyie mliozaliwa huku mnajua. Mhola ni salama, ni jibu la salamu, na salamu haijibiwi vingine. Alikuwepo mmoja mwenye mwiba mguuni, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, nikamuuliza, naye akasema mhola. Ni adabu nzuri sana, na ilinitesa muhula mzima.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Kulwa wa darasa la kwanza, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumwona na fimbo wala haraka. Alinitazama kwa dirisha siku kadhaa nikihangaika, kisha akaingia wakati wa mapumziko akaketi kwenye kibenchi cha watoto. Kibenchi kililia, yeye hakujali.

"Mayu Minza," akaniambia, yaani Mama Minza, "unawauliza watoto juu ya nyuso. Hawa nyuso za wakubwa hawaziangalii, wakiziangalia wanaambiwa hawana adabu. Wao wanaangalia ng'ombe kutwa nzima."

"Kwa hiyo niwalete ng'ombe darasani?"

"Wako njiani wanakuja. Nenda nyuma ya choo ukaone."

Nyuma ya choo, kwenye kichuguu, watoto wangu walikuwa wanafinyanga. Mtoto yeyote wa Kisukuma anafinyanga ng'ombe kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Nikachuchumaa nikaokota mmoja nikauliza, "Na huyu anajisikiaje?" Ile midomo ya mhola ikafunguka. Huyo amenuna, masikio yamelala nyuma. Yule anaogopa, mkia ameubana. Yule ana furaha ametoka kunywa maji. Huyu mama yao ana huzuni, hacheui, ndama wake ameuzwa. Semina nzima ilikuwa pale kichuguuni, na bila chai ya saa nne.

Tangu siku hiyo darasa langu lilikuwa na zizi. Nitawaeleza udongo, maana wengi mmejaribu mkakata tamaa. Udongo mweusi wa mbugani msiuchukue, unapasuka ukikauka, na mtoto ambaye ng'ombe wake amepasuka atakufundisha wewe maana ya huzuni. Chukueni wa kichuguu, mchanganye na samadi kidogo iliyokauka na kusagwa. Kausheni kivulini, siyo juani. Pembe ni miiba ya mgunga, masikio ni maganda ya karanga, mkia ni nyuzi za pamba. Masikio yakae kwa udongo mbichi ili mtoto aweze kuyageuza mbele au nyuma, maana humo ndimo maneno yalimo. Mtoto anaanza kwa kusema ng'ombe ameudhika. Baada ya wiki kadhaa anasema, "Ng'ombe wangu ameudhika kama mimi jana." Siku hiyo, mwalimu, usishangilie. Itikia tu kama mtu aliyeambiwa habari za mvua, uendelee kugeuza masikio yako.

Na hili nililipata kwa Mwalimu Kulwa: mtoto usimkazie macho anapoongea. Kaa chini, fanya kazi ya mikono pamoja naye, utazame udongo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unasahau kujifunga.

Nilikuwa nimeshaizoea njia hii, na kuanza kuringa nayo kidogo, alipoletwa Kabula.

Kabula aliletwa na babu yake, Mzee Masunga, mfugaji wa pale jirani, mrefu, mkavu, mwenye heshima zake. Baba wa mtoto alikuwa machimboni, mama hakutajwa. Mtoto mwenyewe alikuwa na macho makubwa na kinywa kilichofungwa. Hakusema hata hiyo mhola. Siku ya kwanza alimng'ata mwenzake begani. Siku ya pili akakanyaga ng'ombe wote tuliowafinyanga wiki nzima, mmoja mmoja, kwa kisigino, bila haraka. Darasa lilipiga ukunga. Kwa watoto wa huku, aliyefanya vile ni kama amechoma nyumba.

Mwalimu mkuu akasema mtoto huyu arudishwe kwao mpaka akomae. Nikamwomba aniachie muhula. Akaniambia wazazi wa aliyeng'atwa wataniuliza mimi, siyo yeye. Nikamwambia sawa.

Lakini kwao mambo yalikuwa mabaya kuliko shuleni. Mzee Masunga alikuja Alhamisi moja kuniaga. Tulisalimiana vizuri, mwangaluka, habari za mifugo, habari za shamba, ndipo akasema, akitazama pembeni.

"Mwalimu, huyu mjukuu wangu Jumatatu nampeleka mbali, upande wa ziwani. Kuna mtaalamu huko. Atakaa kwake mpaka apone, hata kama ni mwaka."

"Anaumwa nini, Guku?" nikauliza, nikimwita babu kwa heshima.

"Anapiga ng'ombe mawe. Kila jioni wakiingia zizini, anapiga. Jana ametoa jicho la ndama. Na maziwa hanywi, ukimpa anamwaga. Tangu nizaliwe sijaona mtoto wa kwetu akichukia ng'ombe. Wazee wamekaa wakasema amefungwa. Wanasema ni upande wa mama yake ndio wamemfunga."

Sitaki mnielewe vibaya. Sikumwambia Mzee kwamba wazee wake ni wajinga, na ninyi msije mkamwambia mzazi yeyote hivyo. Alikuwa anampenda mjukuu wake, na alikuwa anatafuta tiba mahali alipoonyeshwa. Lakini nilimwona yule mtoto wa miaka mitano peke yake kwenye kiwanja cha watu asiowajua, akinyweshwa dawa za kosa ambalo hakuna aliyemuuliza. Roho iliniuma. Nikamwambia, "Guku, nipe kesho tu. Njoo ukae naye darasani wenzake wakishaondoka. Usiseme chochote. Ukishaona, Jumatatu ni yako."

Akanigeukia. "Kukaa kwenye darasa la watoto?"

"Kukaa tu."

Akaja. Ijumaa, watoto walipokwenda kunywa uji na kutawanyika, Mzee Masunga alikaa kwenye kibenchi kilekile cha Mwalimu Kulwa, magoti yakifika karibu na kidevu, fimbo yake ya kuchungia katikati. Nilimwekea Kabula bonge la udongo mbele, nami nikachukua langu. Sikumwambia afanye nini. Nilianza kuviringisha miguu ya ng'ombe, nikitazama mikono yangu.

Alikaa muda mrefu bila kugusa. Kisha akachukua. Nilimwona kwa pembeni akizungusha udongo kufanya duara, na nikajua ni zizi, ameacha na mlango. Akafanya mtu, mwanamke, maana alimwekea mzigo kichwani. Akamweka ndani ya zizi. Kisha akafinyanga ng'ombe, wabaya wabaya, hawana hata masikio. Akawaingiza mlangoni mmoja mmoja. Alipomaliza akamshika yule mwanamke kwa vidole viwili akamtoa nje, akampeleka mpaka mwisho wa meza. Akawatoa ng'ombe wote, akamrudisha mwanamke. Akaanza upya. Ng'ombe wanaingia, mwanamke anatoka.

Nikachukua udongo wangu nikafanya ndama mdogo. Nikamweka mlangoni mwa zizi lake.

"Huyu ndama anajisikiaje?" nikauliza, nauuliza udongo.

Ndipo nilipoisikia sauti ya Kabula kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nzito, ya mtu aliyekaa nayo muda mrefu.

"Ana hasira."

"Amekasirikia nani?"

"Ng'ombe. Wameingia, mama katoka."

"Nani kamtoa mama?"

"Ng'ombe." Akageuza masikio ya ndama wangu nyuma, yote mawili, kwa nguvu. "Nafasi hamna. Wakitoka, mama anarudi."

Sikuthubutu kumtazama Mzee. Nilisikia tu fimbo yake ikianguka sakafuni.

Kwa ajili ya walio mbali na mila zetu nitaeleza. Ndoa ya huku inafungwa kwa ng'ombe. Ikivunjika, ng'ombe wa mahari wanarudishwa kwa mume, na kama kuna mtoto, ng'ombe kadhaa wanakatwa kwenye hesabu wabaki kwa wazazi wa mke, mtoto anabaki kwa baba. Mama yake Kabula alikuwa amekwenda kwao Binza kwa ugomvi, na mtoto akabaki akimsubiri. Siku moja jioni mama akatokea njiani pamoja na kaka zake wanaswaga ng'ombe. Mtoto akakimbia kumpokea, akijua amerudi. Ng'ombe wakaingia zizini, wakubwa wakahesabu, wakakubaliana, mama akabeba mzigo wake akaondoka na kaka zake. Hakuna aliyemwambia mtoto neno. Nani anamweleza mtoto wa miaka mitano mambo ya mahari? Akajieleza mwenyewe, kwa akili yake yote, na kwa macho aliyokuwa nayo alieleza sawasawa. Nafasi ilikuwa moja. Ng'ombe wameichukua.

Hakuwa amefungwa na mtu. Kila jioni alikuwa anafanya kazi ya kumrudisha mama yake.

Mzee Masunga akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mzee wa huku akimfanyia mtoto. Alishuka kwenye kibenchi akakaa sakafuni, vumbi na yote, akawa sawa naye.

"Kabula. Ng'ombe hawakumfukuza mama yako."

Mtoto akamtazama usoni, adabu imesahaulika.

"Ni sisi wakubwa tumeshindwana. Baba yako na mama yako, na mimi nilikuwepo. Ng'ombe wameswagwa tu, wanakwenda wanakoswagwa. Hata ukiwatoa wote, hata nikiwauza wote, hiyo haitamrudisha."

"Hatarudi?"

"Kukaa kwetu, hapana. Lakini yupo. Yuko Binza, na yeye ni mama yako gete, mama yako kweli."

Hapo Kabula akalia. Siyo kile kilio cha kuanguka. Kilitoka chini sana, mwili mzima ukitikisika. Mzee akainua mkono kumwambia anyamaze, kama tunavyowaambia wote, nami nikamshika mkono. Ni mara pekee niliyowahi kumshika mkono mzee wa watu bila ruhusa. "Mwache, Guku. Hii ndiyo iliyokuwa ndani ya yale mawe." Nikamwambia Kabula kwamba anachokisikia sasa kinaitwa huzuni, kwamba ile ya mawe ilikuwa hasira, na kwamba vyote viwili havina kosa, ila jicho la ndama lina kosa. Akaitikia kwa kichwa huku analia. Hata la ndama alilielewa.

Niseme wazi: nilijisikia fahari siku ile mpaka nikashindwa kula. Sikuwa nimeponya mtu. Nilikuwa nimeweka udongo mezani na kukaa kimya, na kukaa kimya kwa mtu kama mimi si kazi ndogo, muulizeni marehemu mume wangu.

Safari ya ziwani haikufanyika. Jumapili Mzee Masunga alimpakia mjukuu wake kwenye baiskeli, akaendesha mpaka Binza, kwa wakwe aliokuwa amegombana nao, wale wale aliowashuku. Nilimuuliza baadaye aliwaambia nini wazee waliokuwa wameshakaa kikao. Akaniambia, "Nimewaambia dawa imepatikana, ni baiskeli." Hakucheka, lakini masikio yake yalikuwa mbele.

Wakawa wanakwenda kila palizi ya pamba inapokwisha na njia ikiruhusu. Mwalimu mkuu hakusema tena habari ya kumrudisha. Kabula alimng'ata mwenzake mara moja nyingine tu, na mimi binafsi naona huyo alistahili. Jumatatu ile alipotoka Binza alichukua udongo mwenyewe bila kuambiwa. Alifinyanga ng'ombe jike mkubwa, kiwele kimejaa, masikio mbele, akamkausha kivulini kama nilivyomfundisha. Akamweka pembeni ya yule ndama wangu. Kisha akalowesha masikio ya ndama akayageuza, taratibu, moja likabaki nyuma, moja likaja mbele. Nikamuuliza ndiyo nini.

"Ana huzuni na ana furaha," akasema. "Vyote."

Nimehudhuria semina nyingi tangu hapo, zenye kadi nzuri zaidi. Sijapata kadi inayoonyesha hilo.

Nilihamishwa kwenda Maswa, baadaye hapa Bariadi, na kila mara hao wawili niliwafungia kwenye pamba ndani ya ndoo niliyoipakata mwenyewe. Darasani walikuja watoto wa mjini ambao hawajawahi kuswaga hata mbuzi, na nilidhani ng'ombe hawatawafaa. Wakawa wanafinyanga bodaboda. Nao pia bodaboda zao zilikuwa na hasira na woga, nyingine zilikuwa zinamsubiri baba. Mtoto ni mtoto. Kazi yako ni kumpa kitu cha kushika na kutomkazia macho.

Mliokuwepo kwenye sherehe ya kuniaga mlimwona yule mama kijana aliyeingia katikati ya hotuba na galoni la maziwa, akapita mbele ya wageni waalikwa wote, akaliweka miguuni pangu akapiga goti. Afisa aliyekuwa akihutubia alikatiza maneno yake akidhani ni mtu wa jikoni. Huyo alikuwa Kabula. Sasa anafuga mwenyewe, na maziwa yalikuwa ya ng'ombe wake. Nilikunywa kikombe pale pale mbele ya watu, nikalia, na sikuona sababu ya kusema ni vumbi.

Baada ya watu kuondoka nilimpeleka darasani nikamshushia wale wawili kutoka juu ya kabati. Nikamwambia ni wako, wachukue. Akawashika muda mrefu. Akapuliza vumbi kwenye masikio ya ndama. Kisha akavuta kiti akawarudisha juu mwenyewe.

"Waache hapa, Mayu. Mwingine atakuja hajui kusema."

Kwa hiyo, Editha, wale wasio na pembe na wenye miguu mitatu wape watoto, wawavunje, wawaloweke, wafinyange upya. Ndiyo kazi yao. Lakini kuna jike mwenye kiwele na ndama mwenye sikio moja nyuma na moja mbele. Hao waache. Na ukiwapangusa vumbi, wapanguse wote wawili pamoja, usiwatenganishe.